Ila Unyayo

Siku mkubwa wa hospitali aliposimama mbele ya wafanyakazi na kutangaza kwamba yule muuguzi mrefu wa wodi ya wanaume sasa atakuwa kiungo kati ya hospitali na ofisi ya ustawi wa jamii, watu walipiga makofi, na jina alilopewa na wazazi wake likazikwa palepale. Tangu siku hiyo akawa Kiungo. Wapishi wa jikoni wakimwona wanauliza, "Leo tukutie mwanzo, au mchuzi ukishachemka?" Walinzi wa getini, ambao mazungumzo yao yote ni mpira, walimwita kiungo mkabaji. Mmoja wao akaongeza kwamba timu yenyewe haina mabeki, haina washambuliaji, na kipa yuko likizo.

Huyo mlinzi alisema kweli kuliko mkubwa.

Kazi yenyewe ukiieleza inaonekana nyepesi. Mgonjwa akiruhusiwa, mwili wake ni wa daktari mpaka getini. Akishavuka geti, mambo ya nani atampandishia maji, nani atamkumbusha dawa, nani atamsafisha kidonda, hayo ni ya ustawi wa jamii. Kiungo alitakiwa kuhakikisha mtu haanguki hapo katikati. Walimchagua muuguzi kwa sababu muuguzi anakijua kidonda, na anajua pia kwamba kidonda kina mwenyewe, na mwenyewe ana ngazi za kupanda, ana ndoo, ana mkwe asiyesalimiana naye.

Majengo ya ofisi hizo mbili yaligusana ukuta. Mwisho wa korido ya hospitali kulikuwa na mlango kabisa wa kuingilia ustawi, mlango mzuri wa mbao ngumu, umepigwa kufuli. Ufunguo, kila Kiungo alipouliza, ulikuwa "kwa yule jamaa". Yule jamaa hakuna aliyewahi kumwona. Basi Kiungo akitaka kwenda kwa watu ambao anawasikia wakikohoa upande wa pili wa ukuta, alilazimika kutoka nje, kuzunguka tanuri la kuchomea taka, kupita geti la hospitali, kufuata barabara yenye mavumbi, na kuingia geti jingine ambako mlinzi mwingine humuuliza anatoka wapi. Kwa hiyo mara nyingi alipiga simu. Na simu ndiyo iliyomponza.

Wodini alikuwepo mzee mmoja aliyeitwa Mzee Gia. Maisha yake yote alikuwa fundi wa malori, na hata kitandani hakuacha ufundi. Gari la wagonjwa likipita nje, yeye huinua kidole na kusema, "Pampu hiyo inakufa. Mwambieni dereva." Kisukari kilikuwa kimemla kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole kikakatwa, na chini yake, kwenye unyayo, kikabaki kidonda kilichokataa kufunga. Kidonda ndugu. Mzee mwenyewe alikuwa akisema ndiyo ndugu pekee aliyekubali kuishi naye.

Daktari wa wodi, mwanamke wa maneno machache na miguu ya haraka, alimwambia wazi mbele ya Kiungo, "Baba, hiki kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku, na mtu akitazame kila siku. Kikiachwa kikaoza, safari ijayo sitakata kidole. Nitakata chini ya goti."

"Umenisikia?" akaongeza, maana mzee alikuwa anasikiliza gari.

"Nimesikia. Chini ya goti. Na hiyo ni klachi."

Mzee Gia aliishi peke yake, ghorofa ya tatu, jengo ambalo maji yalipanda mpaka ya kwanza na kukata tamaa. Binti yake, Mama Pacha, alikuwa na watoto wawili wachanga na kazi ya zamu kwenye kiwanda cha magodoro upande wa pili wa mji. Angeweza kuja Jumapili. Kwa hiyo Kiungo akaenda ustawi kumwombea mzee msaidizi wa nyumbani, mtu aliyefundishwa kazi hiyo, wa kuja kila asubuhi, kupandisha maji na kukisafisha kidonda. Alizunguka tanuri la taka mpaka mavazi yake meupe yakanuka moshi. Mwisho afisa aliyeshika eneo hilo akakubali. Huyu watu walimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hata ukimpa pole ya mafua atakwambia kuna utaratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Siku akitoka, nijulishe, nimpange msaidizi."

Wiki zile wodini Kiungo alimfanyia mzee kazi ya kweli. Alimfundisha kutembea na fimbo bila kukanyagia sehemu ya mbele ya mguu. Alimfundisha kuoga amekaa kwenye kiti, mguu nje ya maji. Mzee alibisha kila kitu kisha akafanya kila kitu. Asubuhi moja akaenda chooni na kurudi bila kushikwa mkono, akawapigia saluti wagonjwa wenzake, na wodi nzima ikacheka. Kiungo alijisikia kama mama aliyemwona mtoto akisimama dede.

Daktari akasema kitanda kinahitajika. Kiungo akanyanyua simu.

"Kaka, habari za huko? Mzee wangu anatoka kesho. Nimefurahi mno. Sasa anajiweza!"

Upande wa pili Bwana Utaratibu akauliza, "Anajiweza?"

"Anajiweza kabisa. Ungemwona leo!"

"Basi vizuri. Hapo tumemaliza."

"Tumemaliza, kaka. Mungu akubariki."

Akaweka simu chini, akajinunulia soda.

Juma lililofuata akaenda kumtembelea. Alizipanda zile ngazi akihema, na kwenye ghorofa ya pili akamkuta Mama Pacha anapanda na ndoo kichwani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameachwa kwa jirani. Ilikuwa siku ya kazi.

"Shikamoo, Sista," Mama Pacha akasema, kwa sauti ambayo heshima yote iliishia kwenye neno lenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Leo huna zamu?"

"Nimeiacha. Si mlisema atakuja mtu?"

"Hajaja?"

"Nani? Nimepata habari jana kwamba baba anapandisha maji mwenyewe kwa kidumu. Ngazi kwa ngazi, anakaa, anapumzika. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Mlisema atakuja mtu, Sista. Mimi niliwaamini."

Kiungo akampokea ndoo, wakamalizia ngazi pamoja.

Mzee Gia alikuwa amekaa kitandani, chumba kimefagiwa, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Kwenye sakafu, mbele ya miguu yake, kulikuwa na kioo cha pembeni cha lori, kile kikubwa cha dereva kuangalia nyuma, kimeegemezwa kwenye tofali.

"Karibu, karibu! Mwambie huyu binti aache kelele. Nimeoga, nimekula, nimekunywa dawa. Kidonda nakifunga mwenyewe."

"Na hicho kioo je?"

"Kazi yake hiyo hiyo. Nakitazama kidonda kama natazama gari lililo nyuma yangu."

Kiungo akapiga magoti, akamvua soksi na kufungua kitambaa. Hakuhitaji kusogeza uso ili kujua. Harufu ilimfikia kabla. Mzee alikuwa amekifunga vizuri kabisa, kitambaa safi, fundo la kifundi, ila amekifunga kando. Kidonda chenyewe kilikuwa nje ya kitambaa, kimelala na soksi, ukingo wake umeanza kuwa mweusi.

Akakiosha pale pale kwa maji ya Mama Pacha na vifaa vya mkobani mwake. Angefungua kinywa angetukana, na hakujua amtukane nani kwanza.

Alimjua alipofika ustawi. Aliingia ofisini kwa Bwana Utaratibu bila kubisha hodi.

"Msaidizi wa mzee wangu yuko wapi?"

"Mzee yupi?"

"Wa malori! Kidonda cha mguu!"

Bwana Utaratibu akafikiri. "Ah, yule. Yule alitoka kwetu. Si wewe mwenyewe uliniambia anajiweza?"

"Ndiyo, anajiweza. Anakwenda chooni mwenyewe!"

"Chooni?" Afisa alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za nchi nyingine. "Dada, umesimama kwenye ofisi ya wasiojiweza. Imeandikwa hapo mlangoni kwa rangi nyekundu. Mtu anayejiweza ni mwenye nacho. Uliponiambia anajiweza, tena kabisa, nikajua wametokea watoto wenye mali wamemchukua. Nikafurahi pamoja na wewe. Nafasi yake nikampa mwingine."

Kiungo akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Miaka yote aliyofanya kazi wodini, neno lile lilikuwa na maana moja tu: mtu hahitaji kushikwa akienda haja. Na upande wa pili wa ukuta uleule, kwa watu wanaokunywa chai ya birika moja kwenye sherehe za wafanyakazi, lilikuwa na maana nyingine. Mguu wa mtu ulikuwa unaoza kwa sababu ya neno moja, na neno hilo alilitamka yeye, kwa furaha.

"Nimekosea," akasema. "Mrudishe."

"Nitamrudisha, kwa nini nisimrudishe? Ila kuna utaratibu. Nilishasema juu kwamba anajiweza. Sasa daktari wake aseme kwamba hajiwezi."

Kiungo akazunguka tanuri la taka. Daktari alikuwa anatembea, na Kiungo akamfuata kitanda hadi kitanda.

"Niseme hajiwezi?" Daktari hakupunguza mwendo. "Nimemruhusu juma lililopita. Nikisema leo hajiwezi, mkubwa ataniuliza nilimtoaje. Kama hajiwezi, mrudishe wodini."

"Kuna kitanda?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nasema anajiweza." Akasimama, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Sista, mimi kidonda hicho kinaniuma kuliko unavyodhani. Mlete kliniki nikikate uchafu. Lakini kumpelekea mtu maji ghorofani sina dawa yake."

Kiungo akarudi ustawi. Mlinzi wa geti la pili akamuuliza anatoka wapi. "Ninatoka hapo ulipoona nimetoka asubuhi!" Bwana Utaratibu akasikiliza, akakuna kidevu, akasema kuna njia nyingine: mwombaji mwenyewe akitamka mbele ya afisa kwamba hajiwezi, inatosha. Hata kwa simu. Kiungo karibu ambusu.

Asubuhi iliyofuata alipanda ghorofani na kumweleza mzee. Ni neno moja tu. Nitampigia afisa simu, utamwambia, "Mimi sijiwezi," basi, kesho msaidizi yuko hapa.

Mzee Gia akamgeukia.

"Rudia."

"Useme hujiwezi."

"Mimi?"

"Ni kwa ajili ya ofisi tu, mzee wangu."

"Mimi, niliyekuwa nashusha injini ya lori kwa mnyororo na mabega haya, nimwambie mwanamume mwenzangu kwenye simu kwamba sijiwezi? Asiyejiweza ni yule anayekaa mlangoni pa watu na bakuli. Umeniona na bakuli?"

"Baba, sema tu!" Mama Pacha alikuwa ameegemea ukuta, mtoto analia mgongoni. "Ni neno tu!"

"Kama ni neno tu, lisemeni nyinyi. Semeni baba yenu ni ombaomba. Msikie litakavyowakaa mdomoni."

"Mimi nitafukuzwa kazi, baba! Leo tena sikwenda!"

"Nimekuita?"

"Hujaniita! Hujawahi kumwita mtu! Ungeita, ningekuwa sijachoka hivi!"

Kiungo akatoka nje, akasimama kwenye ngazi. Huko ndani baba na binti walikuwa wanarushiana maneno, na mtoto anawazidi wote. Alitamani kukaa pale chini na kulia kidogo, halafu aone nani atakuja kumuunganisha yeye. Daktari hataki kusema hajiwezi kwa kuogopa mkubwa. Mzee hataki kusema hajiwezi kwa kuogopa bakuli. Afisa hataki kusikia neno jingine lolote. Watu wazima watatu, wote wenye akili zao, wanavutana kwa neno kama watoto na kamba, na mguu uko katikati ya kamba.

Akashuka ngazi. Alipofika ustawi hakukaa.

"Kaka, utaratibu wenu unasemaje kuhusu kumtembelea mwombaji nyumbani kwake?"

Bwana Utaratibu akakaa vizuri. Hilo alilipenda. "Afisa atamtembelea mwombaji na kujionea hali halisi."

"Mara ya mwisho ulimtembelea nani?"

"Gari liko matengenezo."

"Tangu lini?"

"Dada..."

"Nimekuuliza kuhusu utaratibu, kaka. Huo unaoupenda. Una miguu mizima miwili, nyayo zake hazina hata lengelenge. Inuka twende."

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi mlangoni waligeuka. Mama mmoja akasema, kwa sauti ya kutosha, "Nenda, baba, sisi tutakungoja. Si tumezoea?" Wenzake wakacheka. Bwana Utaratibu akachukua kofia yake.

Njiani alilalamikia jua, kisha mavumbi, na zilipoanza ngazi akanyamaza. Alikuwa mtu wa kukaa, na tumbo lake lilikuwa na mawazo yake lenyewe. Ghorofa ya kwanza alishika ukuta. Ya pili alikaa. Aliingia chumbani kwa Mzee Gia shati limegandamana na mgongo, kinywa wazi, hawezi hata kutoa salamu.

Mzee akamwangalia kutoka juu mpaka chini. Akamgeukia Kiungo.

"Huyu ndiye anayejiweza?"

Mama Pacha alicheka kabla hajajizuia. Akampa mgeni kiti na maji, na afisa akayanywa yote bila kupumzika. Kisha akajifuta, akajikohoza, akaanza maswali yake, maana alikuwa mtu wa kazi yake.

"Mzee, unaoga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Unavaa mwenyewe?"

"Unaniona nikoje?"

"Unapika?"

"Napika, naosha na vyombo."

"Dawa unakumbuka?"

"Saa zote."

Kila jibu mzee alilitoa kwa sauti ya ushindi, na kila jibu Kiungo aliuona mguu ule unapungua. Mama Pacha alikuwa amefumba macho. Afisa akamtazama Kiungo kwa masikitiko ya kweli, kama anayesema, unaona mwenyewe, dada.

Kiungo hakubishana. Alikuwa ameshabishana na watu wote waliokuwepo kubishana nao. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mzee, akauchukua ule mguu na kuuweka mapajani mwake, unyayo ukitazama mlangoni.

"Mzee, kidonda kikoje leo?"

"Kinapona."

"Kina rangi gani?"

"Rangi ya kidonda."

"Ukubwa?"

Mzee akataka kuuvuta mguu, Kiungo akaushika.

"Nakuuliza kama fundi," Kiungo akasema. "Mtu akikuletea lori, akakwambia, fundi, huko chini kuna nini. Na wewe hujaingia uvunguni. Utamwambiaje?"

"Sisemi kitu sijakiona. Fundi anayesema kabla hajaona ni mwizi."

"Basi kidonda kina ukubwa gani?"

Nje mtu alikuwa anaburuta jerikeni kwenye ngazi, ngazi kwa ngazi. Mzee Gia alikitazama kile kioo cha lori pale sakafuni. Kiuno chake kilikuwa kimekakamaa miaka mingi iliyopita, chini ya malori ya watu, hakikunjiki tena. Na macho, kisukari kilikuwa kimeyaonja nayo.

"Kioo hiki," akasema, taratibu, "naona ukungu tu. Naona kitu cheupe, nadhani ni kitambaa. Nafunga palipo na cheupe. Sijakiona. Tangu nitoke huko kwenu, sijakiona hata siku moja. Mengine yote naweza, binti yangu, nakuapia. Ila unyayo. Unyayo wangu mwenyewe siuoni."

Mama Pacha akafumbua macho.

Kiungo akafungua kitambaa alichokifunga jana yake. "Kaka, sogea."

Bwana Utaratibu akasogea. Kwa vile kigoda cha Kiungo kilikuwa kifupi ilibidi apige magoti, na kofia ikamdondoka. Alitazama. Alikuwa ameshika eneo lile miaka mingi, ameshapanga wasaidizi wengi kwa watu wengi, na ilionekana usoni mwake kwamba hakuwahi kukiona kidonda ndugu kwa karibu.

"Hiki cheusi," akauliza chini chini, "kinakwenda wapi?"

"Juu," Kiungo akasema.

Afisa alibaki amepiga magoti. Kisha akatoa simu palepale chini, akapiga ofisini kwake.

"Halo? Ni mimi. Yule mzee wa malori, mrudishe apangiwe msaidizi, kuanzia kesho... Hapana, hajiwezi sikusema... Nasema anajiweza, ila unyayo... Ila unyayo!... Unyayo, bwana! U-nya-yo! Chini ya mguu, pale unapokanyagia!... Sijui inaingia sehemu gani. Kama hakuna sehemu, weka sehemu!... Utaratibu gani? Mimi ndiye nakwambia!"

Mzee Gia alicheka mpaka mguu ukatikisika mapajani mwa Kiungo. "Tulia!" akamkaripia. "Tulia nikufunge."

Msaidizi akaja kesho yake, mama wa makamo mwenye mikono ya kubebea magunia, akapandisha maji, akakaa kwenye kigoda kilekile. Mzee hakumruhusu kugusa kitu kingine chochote chumbani. Mguu tu, tena unyayo, akimaliza aende zake. Jioni alimpigia Kiungo simu kumshtaki kwamba mama yule anaimba akifanya kazi, na anaimba vibaya.

"Mzee wangu, kidonda kikoje?"

"Anasema chekundu. Anasema chekundu ni kizuri. Lakini sauti yake!"

Kiungo akakata simu.

Mambo hayakwisha yote kwa heri. Weusi ule ulikuwa umeshakula njia, na daktari alilazimika kukiondoa kidole cha pili. Alikikata mwenyewe, na wakati wote wa kukikata alimweleza mzee anachokifanya, polepole, jambo ambalo wodini hawakuwahi kulisikia kwake. Goti hakulitaja tena. Kidonda kikaanza kujivuta, kidogo kidogo, kikanywea. Mama Pacha akarudi kwenye magodoro yake baada ya msimamizi kumsema mbele ya watu.

Na lile neno likapata mkia. Bwana Utaratibu ndiye aliyelianza. Kiungo akimpigia na kusema mgonjwa fulani anajiweza, yeye humkatiza: "Ila?" Akakaa hivyo hivyo, hatoi nafasi wala hanyimi mpaka ajibiwe. Wauguzi wa wodi zote wakalidaka. Yule wa dirishani anajiweza, ila ngazi. Mama wa mlangoni anajiweza, ila mkono wa kulia. Babu wa kona anajiweza, ila usiku. Siku moja daktari naye, akipita mbio, akatupa nyuma ya bega, "Huyu anajiweza, ila mke wake haelewi sindano, mwambie Utaratibu." Mkubwa wa hospitali alisikia, akalisifu kwenye mkutano, akasema huo ndio mfumo aliokuwa akiutaka tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Kiungo hakupiga. Alikuwa anafikiria tanuri la taka.

Mzee Gia alipokuja kliniki mara ya mwisho alikuja kwa miguu yake na fimbo, kiatu cha kulia kimetiwa sifongo mbele. Alimkuta Kiungo kwenye korido, mkoba begani, yuko tayari kuzunguka.

"Unakwenda wapi?"

"Ustawi."

"Si hapo tu?" Akaelekeza fimbo kwenye mlango wa mbao.

"Umefungwa. Ufunguo uko kwa yule jamaa."

Mzee akausogelea. Hakulitazama kufuli hata kidogo. Alitazama ukingo mwingine wa mlango, akapapasa kwa vidole. "Bawaba ziko upande wetu," akasema, kwa dharau. "Miaka yote hii mnazunguka, na bawaba ziko upande wenu." Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, maana alitembea nayo kama wengine wanavyotembea na kitambaa cha jasho, akampa Kiungo. "Zungusha wewe. Mimi sizioni skrubu. Nitakuelekeza."

Kiungo akatazama huku na huku, kisha akazungusha. Skrubu zilikuwa na kutu na zilimtoa jasho, na mzee hakumwacha apumue: kushoto, kushoto, bonyeza kwanza, usiitese. Hatimaye mlango ukalegea. Wakauvuta pamoja, ukatoka na vumbi la miaka.

Nyuma yake kulikuwa na mgongo wa kabati la chuma, limejaa mlango mzima, kuanzia juu mpaka chini.

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya kabati. Ilikuwa ya Bwana Utaratibu.

"Mimi! Sogeza kabati!"

"Kabati haliwezi kusogezwa hivi hivi, dada. Kuna utaratibu."

Mzee Gia akaketi kwenye benchi ya korido, akaunyoosha mguu wake.

"Muulize," akasema. "Hilo kabati linajiweza?"

Kiungo alikuwa ameshaanza kuzunguka, bisibisi mkononi.